Mstari Nyuma ya Kamba ya Nguo

Mjukuu wangu Mereana alinisainisha karatasi. Ana miaka kumi na mmoja, na karatasi hiyo aliiandika mwenyewe kwa kalamu nyekundu, akaniwekea mezani kama karani wa mahakama: "Mimi, Babu Des, naruhusiwa mambo matatu tu. Kupika. Kuendesha gari. Kunyamaza." Nikatia sahihi. Wenzake wawili, Fergus wa kamera na Losa wa sauti, wakasaini chini yangu kama mashahidi.

Sikuwa na haki ya kulalamika. Kila Oktoba watoto wa shule huku kwetu hupewa siku mbili kutengeneza filamu ya dakika tano. Ijumaa saa kumi na moja jioni wanatangaziwa kitu kimoja na sentensi moja ambavyo lazima viwemo, na Jumapili saa kumi na moja jioni filamu iwe imeshatumwa. Mtu mzima haruhusiwi kugusa kitu. Mwaka jana niligusa. Niliisogeza kamera "kidogo tu kushoto", na pale hadithi ilipofika utamu wake, mji wetu mzima wa Reefton ukakaa ukumbini kutazama dole gumba langu. Mereana hakulia. Alisema tu, "Si kitu, Babu," na tangu siku hiyo kamera haikuingia tena nyumbani kwangu.

Mwaka huu aliirudisha, na si kwa sababu yangu. Aliyafuata majani yangu.

Hapo lazima nijieleze. Miaka thelathini na mmoja nilitunza uwanja wa klabu yetu, ule ambao wazee huviringishia mipira wakiwa wamevaa nguo nyeupe. Jani likizidi milimita nne walinitazama kana kwamba nimewatukania mama zao. Kazi ile ilinitia kiburi kisichotibika. Kuna picha ya harusi ya binti yangu Joanna ambamo nimepiga magoti nje ya kanisa, na wageni husema, angalia baba wa watu anavyomwombea mwanawe. Nilikuwa nakagua ukungu kwenye majani.

Nyumbani nilikata kila Jumamosi. Mke wangu Beryl alikaa kwenye ngazi ya jikoni na kikombe chake cha chai, na nilipomaliza nilisimama katikati ya bustani kungoja sifa. Yeye alikunywa funda moja, akasema, "Umeacha mstari, Des." Na kweli nilikuwa nimeuacha, palepale siku zote, nyuma ya kamba ya kuanikia nguo, upana wa mashine. Fundi wa nyasi wa wilaya nzima, na kila Jumamosi mstari mmoja! Nyani haoni kundule.

Beryl alifariki Februari. Sikuamua kuacha kukata. Kila Jumamosi niliitoa mashine, nikaitazama ile ngazi, nikairudisha mashine bandani. Mvua ya kwetu haimngoji mfiwa, kwa hiyo ilipofika Oktoba majani yalikuwa yanawafika watoto mapajani. Majirani walinistahi, wakanyamaza. Trevor Mulcahy tu, aliyerithi kazi yangu klabuni, ndiye aliyeegemea ua siku moja akaniuliza, "Vipi Des, umeanza kufuga simba?"

Basi Ijumaa ile kitu kilichotangazwa kilikuwa mwiko wa kupikia, na sentensi ilikuwa "Simama hapo hapo!" Kufikia chakula cha jioni Mereana alikuwa na hadithi: wavumbuzi wawili wamepotea msituni wakitafuta fimbo ya malkia, na fimbo yenyewe ndiyo mwiko. Yeye na Losa ndio wavumbuzi, na msitu ni bustani yangu. Jumamosi asubuhi Fergus alilala kifudifudi na kamera, akanionyesha alichokipata. Wallahi, ulikuwa msitu. Mashina yalikwenda juu mpaka mbinguni.

Siku nzima nilipika, nikaendesha gari kwenda kununua betri, nikanyamaza mpaka taya zikaniuma. Mvua ilipowafukuza saa tisa walikuwa wamebakiza mwisho tu, pale fimbo inapopatikana. Wakaahirisha hadi asubuhi.

Jioni Joanna akaleta mablanketi ya watoto kulalia sebuleni. Mlangoni akasema, "Baba, mwaka huu filamu zinaonyeshwa kwenye skrini kubwa. Klabu nzima inakuja. Trevor kashajiwekea kiti cha mbele."

Heri angeninyamazia! Usiku mzima niliiona bustani yangu, pana kama ukuta wa kanisa, na Trevor chini yake akihesabu magugu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nje. Najua karatasi ilisema mambo matatu tu, lakini nilijiambia kwamba la tatu ni kunyamaza, nami nilinyamaza vizuri mno: nilishika fyekeo kwanza, kisha ile mashine ya zamani ya kusukuma kwa mikono, isiyo na injini, ili nisiwaamshe. Nilikata kwa mistari, mmoja wa kijani kilichopauka, mmoja wa kijani kilichokolea. Nilikwangua mabaki kwa reki. Kingo nilizinyoosha kwa mkasi wa jikoni. Nilipomaliza nikasimama katikati kama zamani, na ngazi ilikuwa tupu, nikaingia ndani haraka kukaanga soseji.

Saa mbili na nusu walitoka nje, kila mmoja na soseji yake. Hakuna aliyetafuna.

"Msitu uko wapi?" akauliza Fergus.

"Nimeusafisha kidogo."

"Kidogo?" Losa akashika kichwa. "Babu Des, umeunyoa kipara!"

Mereana aliweka soseji yake chini taratibu. "Babu, jana nimeingia msituni. Leo nikigeuka, niko uwanja wa mpira."

"Nimewapambia, mjukuu wangu. Watu watakuja kutazama..."

"Nani alikuomba?"

"Trevor atakuwa kiti cha mbele."

"Trevor ndiye nani?"

Mtu ana miaka sabini na mbili, na anaulizwa na mtoto Trevor ndiye nani, na anagundua kwamba hajui.

"Tuyabandike kwa gundi," akasema Fergus.

"Wewe nawe! Majani mangapi hayo?" Losa akamkemea.

"Basi tuseme ni filamu ya wavumbuzi waliopotea kwenye zulia."

Mereana hakucheka. Alikwenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni, mahali pa Beryl, akashika tama. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa nimeshaikata vizuri, isingekuwa na pa kunificha. Mwaka jana aliniambia si kitu. Mwaka huu hakuniambia hata hilo, na nilijua nimempoteza. Hatakuja tena hapa na vitu vyake anavyovipenda. Atakuja Krismasi na zawadi ya soksi, atasema asante Babu, ataondoka.

Nilibaki nimesimama katikati ya mistari yangu mizuri kama mjinga wa kijiji.

Hapo akainua kichwa, akatazama mbali, akasema, "Babu, umeacha mstari."

Niligeuka. Nyuma ya kamba ya nguo, upana wa mashine, majani yalisimama kufika mapajani, yamelowa, hayana habari.

Nilishika nguzo ya kamba. Tangu Februari hakuna mtu aliyekuwa ameniambia maneno yale, na nilikuwa nimeyangoja bila kujua kwamba nayangoja. Nililia mbele ya watoto watatu, makamasi na yote, wala si kwa heshima.

Fergus akanong'ona, "Tumemfanya nini?"

Mereana alikuja. "Bibi ndiye aliyekuwa anakuambia hivyo," akasema.

"Ulikuwa unamsikia?"

"Nilikuwa nakaa naye pale. Alikuwa ananipa biskuti, tunangoja umalize." Akanishika mkono, halafu akanivuta. "Sasa toka hapo, Babu. Unakanyaga msitu."

Mstari mmoja, alinieleza, kwa kamera iliyolala chini ni msitu wa kutosha. Tatizo lilikuwa hadithi: msitu mwingine umekwenda wapi? Lazima kuna kitu kimeula. Watatu wakatazamana, kisha wakanitazama mimi.

"Karatasi yangu inasema mambo matatu," nikawakumbusha.

"Naongeza la nne," akasema mjukuu wangu. "Kuwa zimwi."

Walinifunga blanketi mgongoni na kunitia matope usoni. Fergus alilala chini, nami nikaja na mashine huku Losa akinasa mlio wa visu vyake.

"Babu Des, kasirika!" Fergus akapaza sauti.

"Nimekasirika."

"Hujakasirika! Unatabasamu!"

Kweli nilikuwa natabasamu. Nilijaribu mara tisa, na mara zote tisa zimwi lilionekana lenye furaha tele na kazi yake. Mereana akasema wacha ibaki hivyo, inatisha zaidi. Mwishoni, katika ule mstari wa mwisho wa msitu, aliinua mwiko akaniambia kwa sauti ambayo Beryl angejivunia, "Simama hapo hapo!" Nikasimama. Filamu ilitumwa saa kumi na dakika hamsini na moja.

Ukumbini niliona matundu ya pua yangu makubwa kama mapango. Klabu nzima ilicheka mpaka wengine wakatolewa nje kwenda kukohoa. Ushindi ulikwenda kwa watoto wa mji wa pili, waliotengeneza filamu ya kondoo wakili, na mimi mwenyewe ningewapa. Trevor alinifuata mlangoni akifuta macho. "Des," akasema, "lakini kingo zako zimenyooka." Ningeweza kumbusu, mshenzi yule.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, Mereana alikuja peke yake na kamera begani. Nikatoa mashine. Akakaa kwenye ngazi na biskuti. Nilikata bustani yote, na nilipomaliza nikasimama katikati, nikajifanya natazama mawingu.

"Babu, umeacha mstari."

"Ah! Wapi?"

Alitafuna kwanza. "Umefanya makusudi."

"Mimi? Mtu wa miaka thelathini na mmoja kazini?"

"Ule wa Bibi ulikuwa nyuma ya kamba. Huu umeuacha katikati, mbele yangu."

Akasogea kidogo kwenye ngazi, akaifungua kamera, akaielekeza kwangu.

"Rudi ukate," akasema. "Na safari hii usitabasamu."

Nilirudi nikakata, lakini kutotabasamu kulinishinda.