Figa Nililopanda Nalo Mlimani

Nilifungua begi kileleni nitoe chapati, nikatoa jiwe.

Siyo kokoto, jamani. Jiwe la kubeba kwa mikono miwili, jeusi tii kwa masizi.

Tulieni niwape mkasa wenyewe.

Naitwa Loisi, mkazi wa Mkonze. Mwili wangu umejaa na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Nafanya kazi kwenye kishirika cha kuchimba visima. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa tumbo, nikakaa nyumbani miezi. Narudi kazini, nakuta nafasi ya kuongoza timu ya fildi iko wazi. Vijiji vyetu vingi viko milimani, huko gari halifiki.

Nikaomba. Erica, shoga yangu wa ofisini, naye akaomba.

Bosi wetu, Mzee Bartolomayo, akanitazama juu mpaka chini. "Loisi, milima ile utaiweza?"

"Nipeleke uone, mzee."

Basi Jumamosi moja ofisi nzima ikaenda kupanda milima ya juu ya Gulwe. Bosi akasema mbele ya wote: Loisi akifika kileleni, nafasi ni yake. Akiishia njiani, anapewa Erica.

Tulishuka Gulwe kwa mama ntilie mmoja, tukanywa chai. Nikataka kwenda msalani. Erica akaniwahi, "Leta begi nikushikie, shoga."

Nikampa. Kwa nini nisimpe? Tumekula sahani moja miaka mingi.

Niliporudi, shati lake jipya jeupe lilikuwa na weusi kwenye mkono. "Masufuria ya huyu mama yamenichafua," akasema, huku akijifuta.

Tukaanza kupanda.

Weee! Hatujafika hata mbali, begi likaanza kunivuta nyuma. Nilikuwa nimewapikia wote kuku na chapati, nikadhani labda ni hivyo. Lakini mabega yaliwaka moto, pumzi ikakata, miiba nayo inang'ang'ania suruali. Nikajiambia huu ni mwili wangu, kumbe kweli sijapona. Hilo liliniuma kuliko mabega, maana nilikuwa nimeanza kuwaamini walioniona siwezi.

Erica yuko pembeni yangu kama muuguzi. "Pole jamani. Rudi tu kwenye gari, nitakupigia picha za huko juu."

"Tangulia."

"Mimi nakuhurumia tu, Loisi."

"Huruma yako iweke akiba. Utaihitaji."

Akatangulia.

Nilipanda nalia, sifichi. Kuna mahali nilipanda kwa magoti. Nilipofika kileleni wenzangu walishakaa kivulini wananisubiri mimi na kuku wangu, nikasimama juu ya jabali nikapaza sauti, "Mliodhani sitafika, mpo?"

Watu wakapiga makofi. Ndipo nikafungua begi.

Bosi akaligeuzageuza lile jiwe. "Hili si figa? Limetoka jikoni kwa yule mama wa chai."

Macho ya watu yakatoka kwenye masizi ya jiwe, yakaenda moja kwa moja kwenye shati jeupe la Erica. Akaficha mkono nyuma, lakini wapi.

"Ulikuwa utani," akasema. "Lete nilitupe bondeni yaishe."

"Usiliguse! Nimelipandisha mwenyewe, nitalishusha mwenyewe."

Nikashuka nalo mpaka Gulwe. Mama ntilie alicheka mpaka akakaa chini. Figa lile lilikuwa limepasuka, alishalitupa nyuma ya jiko. "Chukua, mwanangu. Umelitolea jasho."

Bosi hakuniuliza tena habari za milima. Nafasi nilipewa Jumatatu yake.

Leo figa lile linazuia mlango wa ofisi yangu usibamizwe na upepo wa Dodoma. Kila wiki Erica anakuja kuchukua ratiba ya timu. Analitazama, analiruka, anaingia.

Ndugu yangu, safari ikikuwia nzito ghafla, usikimbilie kujilaumu. Kagua begi kwanza, halafu mkumbuke aliyekushikia.