Kidonge Nilimeza, na Bado Nikaanguka

Mimi ni Bibi Mwajuma wa mtaa wa Buyenzi, na sisemi haya ili nihurumiwe. Kabla ya ugonjwa nilikaanga maandazi mbele ya magereji. Mafundi walinijua kwa ukali wa mdomo.

Vita vilikuwa vimeshaingia mjini kifafa kiliponishika. Nilianguka juu ya mbabula, jiko langu la maandazi, mkono ukaungua kwenye makaa. Nilizinduka nimeuma ulimi, nimejikojolea. Hospitali wakanipa vidonge. Nikameza asubuhi na jioni, nikazidi kuanguka.

Hapo shuku ikaingia nyumbani. Zaituni, mke wa mwanangu, alinitengea sahani ya plastiki, eti mate yangu yataambukiza watoto. Kwetu tunakula sinia moja! Nikasema moyoni: huyu ndiye anayebadilisha dawa yangu. Nikaifunga kwenye pindo la kanga, hata kuoga naenda nayo.

Naye akanishuku. "Mama, unameza ao unatema?"

"Njoo nikufungulie mdomo, uchungulie!"

Ramadhani ikafika. Daktari naye akaanza. "Bibi, we unafunga. Dawa ya asubuhi unaiacha."

"Apana. Naimeza na daku, kabla ya adhana. Dawa yako ndiyo chaki."

Hakukasirika. Akanilaza wodini, Zaituni akakaa na mimi. Kila kidonge nilimeza mbele ya muuguzi, naye akaniangalia chini ya ulimi kama mwizi. Nikaanguka palepale, macho yao yakiona.

Daktari akakaa kitandani kwangu. "Bibi, uniwie radhi. Dawa ni nzuri, na unaimeza. Kuna kifafa kinachokataa dawa, wala mate yako hayaambukizi mtu. Tutaongeza ya pili. Itapunguza, pengine haitamaliza."

Zaituni alilia. Mimi sikulia. Nilifungua pindo la kanga, nikampa vidonge avitunze yeye. Tuliporudi nyumbani, aliweka sinia katikati, akala upande wangu.

Bado naanguka, ila mara chache, alhamdulillahi. Mbabula siisogelei. Wewe mwenye mgonjwa, usimtie kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, ungoje. Dawa asiiache kwa sababu haimalizi. Na anayekuambia anayo dawa ya kumaliza kabisa, huyo mwangalie mikono, anatafuta pesa zako. Mimi bado nashuku watu, ila si wa nyumbani kwangu.

Ile sahani ya plastiki? Kuku wanainywea maji.