Mheshimiwa alikuja kuzindua mashua tunayoishi Masinga, ikaondoka naye

Wakuu, habari zenu popote mlipo. Nimesoma nyuzi za wengine hapa kimya kimya kwa muda mrefu, leo acha na mimi nitoe yangu. Sijaongeza chumvi. Ukipita kijijini kwetu Ekalakala uulize, utaambiwa hivi hivi, ila wao watakuwa wanacheka.

Kwanza mjue naishi wapi.

Mimi natengeneza pampu za maji. Wakulima wanaomwagilia kando ya bwawa la Masinga, pampu ikikohoa wananipigia mimi. Shida ni kwamba kutoka upande huu kwenda ule mwingine kwa barabara unazunguka mpaka unasahau ulikuwa unaenda kutengeneza nini. Kwa maji ni hapo tu.

Kwa hivyo nikanunua mashua ya tanga kwa mgeni mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Iko na kitanda, jiko la gesi, sola moja na choo ambacho sitakieleza.

Maji yakijaa, mimi na mke wangu Mwende tunahamia humo. Tunapita kijiji baada ya kijiji kando ya maji, mimi na spana zangu, yeye na cherehani anashona uniform za shule. Binti yetu Mutheu anabaki kwa nyanya yake asome.

Maji yakipungua, mashua inabaki nchi kavu imelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa, na sisi tunarudi kwa mama yangu Ekalakala.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika "Mkamba na mashua wapi na wapi." Andika tu, nimezoea.

Sasa, season iliyopita ilivuja. Si sana, lakini ilivujia chini ya kitanda, mahali Mwende alikuwa ameweka vitambaa vya shule nzima. Hakupiga kelele. Alivianika kimoja kimoja, alipomaliza akaniambia:

"Baba Mutheu, mwaka ujao tone moja likiingia hapa, unanijengea nyumba ya mawe. Hii kitu utampa mtu afugie kuku."

Mwende hasemi jambo mara mbili. Nikakubali, mama yangu akisikia.

Kwa hivyo mvua ziliposhika na maji kuanza kupanda, nilienda kuitayarisha hiyo mashua kama mtu anayetetea ndoa yake.

Kitu cha kwanza kukuta ndani ni mbuzi. Mbuzi wa jirani walikuwa wamehamia, mmoja amezaa kwa kitanda changu. Jirani akaniambia alidhani nimewaachia. Akataka pia kujua kama tutakaa sana huko majini, maana mbuzi wameshazoea.

Halafu tanga. Mama alikuwa analianikia ndengu. Kabla ya hapo kanisa lilikuwa limeliazima likawa hema la harusi, na panya nao wakapata zamu yao. Mwende akaziba matundu kwa mabaki ya uniform, maroon hapa, kijani pale, bluu ya primary katikati. Likitandazwa unaona shule zote za Yatta zimepanga parade.

Mimi na Nzioka, fundi wa mbao, tukaingia chini. Tukakwangua rangi ya zamani, tukajaza pamba kwa mianya, tukapaka lami juu. Kila aliyepita alisimama kutushauri, watu ambao chombo cha maji wanachokijua ni beseni. Mmoja alisema tuongeze simiti. Mwingine alisema tuombe. Nilichukua ushauri wa pili.

Sasa ikabaki kuishusha majini. Ni nzito, inataka watu na ng'ombe wa kulima. Nikamwomba binamu yangu Kioko anitafutie watu wa kuvuta.

Kioko ni mtu wa mikutano. Badala ya watu aliniletea kamati.

Iliitwa Kamati ya Kushusha Mashua. Yeye chairman, kuna katibu, kuna mweka hazina ingawa hazina hakuna, na kuna kamati ndogo ya chakula, ambayo ndiyo pekee iliyofanya kazi. Mkutano wa kwanza walijadili nani ataongea siku hiyo. Wa pili pia. Swali la nani atavuta halikufikiwa.

Mkutano uliofuata Kioko akatangaza kwamba mwakilishi wetu wa wadi amekubali kuwa mgeni wa heshima. Nikamkumbusha kwamba hiyo ni nyumba yangu, mimi na mke wangu tunalala humo. Akaniambia kwa upole kwamba hilo linajulikana, lakini sasa imekuwa ya jamii.

Siku ikafika. Mahema, kwaya, na bango kubwa: MRADI WA USAFIRI WA MAJINI. Uso wa mheshimiwa kwenye bango ulikuwa mkubwa kuliko mashua. Mama alilisoma lote, akaniuliza kama nimeuza. Nikamwambia, mwaitu, mama yangu, hata mimi sijui.

Ng'ombe walivuta. Wao hawakuwa kwenye kamati, kwa hivyo kazi iliisha haraka. Mashua ikateleza juu ya magogo, ikaingia majini, ikasimama wima.

Nilitaka kuruka ndani nikaangalie chini ya kitanda, lakini nilikuwa nimeshika kamba huku ukingoni. Mwende alikuwa ndani anapanga cherehani yake.

Mheshimiwa, suti na tai, akahutubia kuhusu alivyopigania mradi huu tangu mwanzo. Akakata utepe, akapanda kupigwa picha, Kioko na pastor nyuma yake. Mpiga picha akasema tanga likipanda itapendeza zaidi. Kabla nifungue mdomo, Kioko alikuwa ameshalivuta juu.

Wanaojua Masinga wanajua upepo wa alasiri. Hauombi ruhusa. Shule zote za Yatta zilivimba kwa pamoja, kamba ikapita mikononi mwangu ikichoma, na nyumba yangu ikaondoka.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya programu. Kwaya ikaongeza wimbo.

Mheshimiwa alipunga mkono kidogo, akaketi, halafu hakuonekana tena. Kioko aliniambia baadaye kwamba alilala kifudifudi akauliza kama viboko wanaweza kuruka.

Mimi sikuwa nacheka. Mbele yao kulikuwa na ile miti mikavu iliyozamishwa na bwawa, inayopasua mashua kama kisu kwa papai, na ndani kulikuwa na watu watatu wasiojua kuogelea pamoja na mke wangu. Niliingia maji hadi magotini, nikaita. Sauti haikufika.

Halafu nikaona mashua inageuka.

Kila safari Mwende ndiye hushika usukani, mimi navuta kamba na kumpigia kelele. Siku hiyo hakukuwa na wa kumpigia kelele. Alikata kushoto, tanga likahama upande, akakata kulia. Akarudi kwa zigizaga, polepole, kama mtu anayepanda kilima kwa baiskeli. Nilikuwa sijawahi kuiona mashua yangu ikitembea nikiwa nje yake. Ni nzuri sana, wakuu.

Walipofika, mheshimiwa alishuka wa kwanza, shati wazi hadi kifuani, akawaambia wenye kamera kwamba amemaliza kukagua mradi. Pastor alipiga magoti kwenye matope na akabaki hapo.

Mimi nilikuwa na swali moja tu. Nikamsogelea Mwende nikamwuliza chini chini, "Imevuja?"

Akatazama maji kwanza, akanitazama mimi.

"Hakuna tone."

Asubuhi yake tulitia nanga ng'ambo. Mwende akaenda kupeleka uniform, mimi nikainua godoro niweke spana chini ya kitanda. Kwenye mwanya mmoja kulikuwa na tai ya hariri imesokomezwa, imekaza kuliko lami yangu yote. Kando yake kijiko cha Mwende kimepinda mpini. Ndipo nikaelewa lile shati wazi.

Nyumba ya mawe ilikuwa mkononi mwake, na mimi nilikuwa nimekubali mbele ya mama yangu. Alihitaji kusema neno moja tu, imevuja.

Nikarudisha godoro.

Nilichojifunza, usimpe kamati kazi ambayo ng'ombe wanaiweza. Na cha pili, mtu anaweza kulalamikia kitu miaka yote na bado asikubali kitoke. Siku hizi navuta kamba kimya.

Sasa naomba ushauri, hasa wenye ndoa za miaka mingi. Nikitoa hiyo tai nizibe vizuri kwa lami, atajua kwamba nimejua. Nikiiacha, tunasafiri season nzima juu ya tai ya mheshimiwa.

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Comment ziko wazi, na wa "Mkamba na mashua" pia aje.