Furu wa Mama na Kioo Chao

Harufu ya jivu lililolowa hunirudisha Bariadi, miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa vitu ambavyo hatukuwa na majina yake. Mama alizaliwa Lamadi, kando ya ziwa, akaolewa kwa watu wa ng'ombe ambao kwao samaki ni kitoweo cha siku ya shida. Sangara walikuwa wakiwamaliza furu, vile visamaki vya rangi rangi alivyocheza navyo utotoni, naye akaapa kwamba wachache watabaki hai sebuleni kwake. Nyumba nzima ilicheka. Bibi, mama yake baba, hakucheka, alimwita mama mwanawe kwa Kisukuma, akatoa hukumu. "Mfugo ni kitu kinachozaa ukakiona, ng'wanawane. Wakizaa humu, wakae. La sivyo tutawakaanga."

Tangi lenyewe likazua vita vya pili. Baba mdogo, aliyekuwa akitengeneza mabango ya maduka kule Mwanza, alituletea kipande cha plastiki ngumu, ang'avu kuliko dirisha lolote la mtaani kwetu. Akakitupa chini, akakikanyaga kwa viatu vyake vya soli nene. Hakikufanya kitu. "Shemeji, hiki hakivunjiki, na ni chepesi. Kioo kwa barabara yetu hii? Utafika na vipande." Baba akaafiki. Mama alichota jivu jikoni, akakisugua kile kipande kama tulivyosugua chemni, kile kioo cha taa ya mafuta, kila jioni, akakisuuza na kukiinua juani. Kilikuwa kimejaa mikwaruzo, hakionyeshi kitu.

"Hakisuguliwi kwa jivu!" baba mdogo alilalamika.

"Humu kila kitu kinasuguliwa kwa jivu. Halafu shemeji, mimi sitaki kukikanyaga. Nataka kuona ndani." Nilimpenda mno siku ile.

Penye nia pana njia. Aling'oa godoro la kitandani mwake, la pamba ya shamba letu, akalipakia kwenye lori lililokuwa likipeleka pamba Mwanza, akarudi na vioo vimelala juu yake. Mtaa ukasema mume wake amelazwa kwenye mkeka kwa ajili ya samaki, na kweli alilala. Fundi akaviunga kwa gundi, furu wakaja kwa ndoo kutoka Lamadi. Miezi ikapita kimya, bibi akaanza kuulizia mafuta ya kukaangia. Asubuhi moja mama akatuita kwa kelele. Jike mmoja, aliyekuwa amegoma kula, alifunua mdomo, watoto wadogo kama punje za ulezi wakatoka; kivuli cha bibi kilipopita, wakarudi mbio mdomoni mwa mama yao. Bibi akapiga magoti, pua ikagusa kioo. "Mayu, mama we," akasema taratibu, "kumbe ana ndama."

Leo nimejenga Bariadi hiyo hiyo, na furu nilio nao ni vizazi vya wale. Huko Lamadi kwenyewe, mvuvi akimpata mmoja wa aina ile humwita mwenzake aje aone. Nataka tangi kubwa, la ukuta mzima. Kijana wa dukani Mwanza ananisifia akriliki, plastiki ngumu kama ile ya baba mdogo: nyepesi, haipasuki, na mikwaruzo ina dawa yake. Huenda ni kweli. Lakini mama macho yamefifia. Kila asubuhi huweka pua palepale alipoiweka bibi, na alama inayobaki naifuta kwa jivu. Nikamwambia yule kijana nataka kioo.

"Mama, mpaka Bariadi?" akaniuliza. " Utakisafirishaje?"

Godoro ninalo.