Wadudu Weusi kwa Nanaa ya Eedo

Walaal, ndugu yangu mpenda shaah, chai yetu ya maziwa, leo nimeua wasio na makosa, na bado nimeshukuriwa!

Asubuhi eedo, dadake baba, aliniita. Anauza chai hapa Garissa, na ile nanaa anayopanda ya kuweka kwa chai ilikuwa imejikunja majani.

Nikachungulia. Nikaona vidudu vyeusi vyenye miiba vinatembea juu. Sura mbaya, wallahi!

Mimi na video zangu za simu nikasema, "Eedo, adui ndio hawa."

Tukawaponda wote. Yeye na slipa, mimi na vidole.

Sasa hivi nimerudi kuangalia jani moja vizuri. Moyo ukashuka.

Jani halina tundu hata moja! Hao weusi ni wa kutafuna, si wa kufyonza. Kama wangekuwa wanakula nanaa, ningeona matundu.

Hili limejikunja tu, na linanata. Hiyo ni kazi ya mdudu wa kufyonza.

Nikaligeuza. Vidukari wamejaa chini, kijani kama jani lenyewe, wananyonya tu.

Na wale weusi? Ni watoto wa yule mdudu mdogo wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi. Chakula yao ni vidukari!

Yaani nimeua walinzi, nikawaachia wezi nyumba.

Halafu eedo akatokea na kikombe ya maziwa ya ngamia, anacheka. "Waryaa, wewe daktari, kunywa! Nimeambia majirani wote waponde hao weusi."

WOTE, jamani.

Kikombe iko mkononi, eedo ananiangalia. Wewe ungeanza na kunywa ama kusema?