Kitasa Kilichozunguka Mchana

Majini yakifika Juba huuliza kwanza mimi nakaa mtaa gani, halafu hupita njia nyingine.

Kwa hiyo leo mchana nikampeleka mpenzi wangu Keji kwenye kibanda cha video pale mtaa wa Amarat, tukaone filamu ya zamani ya kutisha. Nyeusi na nyeupe. Nikamwambia, "Hii ya mababu, utasinzia tu."

Hakusinzia mtu.

Filamu za siku hizi zinakuonyesha jini mpaka meno. Hii ilionyesha mlango tu, na kitasa kikizunguka polepole. Jini lenyewe unalitengeneza kichwani mwako, na kichwa changu mnajua kinavyofanya kazi.

Hapo hapo jenereta ikazimika.

Giza tupu, kibanda hakina dirisha. Mwenye kibanda huwa anafunga kufuli kwa nje ili watu wasipenye bure. Tulikuwa ndani kama thelathini, joto, kimya. Halafu mlango wetu nao ukaanza kutikisika. Polepole.

Keji akanishika mkono. "Uko hapo?"

"Niko. Sitoki humu bila wewe."

Nilitokea nyuma, penye bati lililolegea. Nikamkuta mwenye kibanda mlangoni, anahangaika na funguo zake. Akanitazama.

"Wewe umepitia wapi?"

Haya chekeni, halafu mniambie nyinyi mngefanya nini. Shati limechanika, si kitu. Goti litapona.

Tatizo ni kwamba Keji hakuniachia. Mimi ndiye niliyechomoa mkono.