Darlene Aliyeacha Skrini Iwe Nyekundu

Kwa miaka kumi na mmoja Darlene Kuusisto aliongoza huduma kwa wateja katika kampuni ya programu mjini Duluth, na wakubwa hawakuwahi kumuuliza swali zaidi ya moja: simu zinamalizwa kwa dakika ngapi? Nne, alijibu. Walimpigia makofi, akatoka, nao wakabaki kupanga programu yao ya mabasi ya shule iboreshwe vipi.

Januari moja, mteja wao wa tatu, wilaya moja ya shule, alipotangaza kuwahama, wakubwa walisema washindani wana ramani nzuri zaidi. Darlene, mtu wa kudadisi, hakuridhika. Aliendesha gari hadi mji wa Hibbing, kwenye ofisi ya wilaya hiyo, na saa kumi na moja alfajiri akaketi kando ya Verna, karani wa mabasi.

"Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kutazama tu. Endelea kama sipo."

"Kama hupo, na unavyonikodolea macho hivyo!"

Baridi ilikuwa kali, kwa hiyo shule zikatangaza kuchelewa kufunguliwa kwa muda wa saa mbili. Verna akairudisha nyuma saa ya kompyuta kwa saa mbili, ili programu idhani bado usiku na ichelewe kuwatumia wazazi taarifa za mabasi.

"Nani kakufundisha hivyo?" Darlene aliduwaa.

"Watu wako haohao, kwenye simu! Hakuna mahali pa kuandika kwamba tumechelewa. Wiki jana nilisahau kuirudisha saa mahali pake. Kesho yake wazazi wanapata taarifa kwamba basi linakuja, kumbe limeshaondoka zamani. Nilitukanwa mpaka nikazima simu."

Njia nzima ya kurudi Darlene aliwaza: wilaya ngapi zinadanganya saa? Na nyingine ngapi zitahama?

"Wasaidieni vilevile," alimwambia msaidizi wake, Mai Vang, "lakini maombi ya msaada kuhusu kuchelewa msiyafunge. Yaacheni wazi mpaka programu yenyewe irekebishwe."

"Bosi, kila ombi lililo wazi ni jekundu; skrini ya wakubwa itakuwa nyekundu tupu. Watatukata vichwa!"

"Kichwa ni changu. Ukiulizwa, sema Darlene kasema."

Asubuhi iliyofuata ya baridi, maombi mia mbili na kumi na nane yalibaki wazi. Wendell Prpich, mkuu wa mipango ya programu, akashuka ngazi mbilimbili.

"Darlene, kulikoni? Watu wako wamelala?"

"Wako macho. Vaa hivi visikilizio, keti."

Wendell alisikiliza simu ya kwanza akitabasamu, ya pili bila tabasamu. Kufika ya sita, jibu la kurudisha saa nyuma alikuwa analijua kwa moyo.

"Hili lina muda gani?"

"Miaka sita, kumbukumbu zetu zinavyoonyesha."

"Na hamkusema!"

Masikio yalimwaka Darlene, maana ilikuwa kweli. "Tulikuwa hodari mno wa kulizima, Wendell. Kila tulipofunga ombi upesi, ninyi mliona kijani, mkadhani kwema."

Jumatano akaitwa kwenye mkutano wa mipango. Mabishano hayakukosekana, mmoja alisema huduma kazi yake kupokea simu, si kupanga. Wendell akamjibu, "Wewe umewahi kupokea hata moja?" Mwisho kazi ya ramani mpya ikaahirishwa, ya kurekebisha kuchelewa ikatangulia, na Darlene akaombwa aje kila Jumatano.

"Nitakuja," alisema, "ila kila Jumatatu mmoja wenu ashuke kusikiliza."

Kisha mwanamume aliyebisha akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, aanze saa ngapi.